Vidole vina ganzi na nimeambiwa nipasuliwe kiganja: nilipe hospitali ya kibinafsi au nisubiri?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye, Kisumu. Nina miaka 46 na nina kisukari, nameza metformini kwa miaka saba sasa. Mwaka jana vidole vya mkono wa kulia vilianza kuniwaka usiku, naamka naukung'uta mkono hadi utulie. Duka la dawa waliniambia damu haizunguki, wakanichoma zile sindano nyekundu za neva, nikapata nafuu kidogo. Siku hizi maumivu yamepungua, lakini gumba, kidole cha shahada na cha kati vina ganzi mchana kutwa. Sindano ya kushonea inaniponyoka bila mimi kujua, na nyama iliyo chini ya kidole gumba imebonyea. Mkono wa kushoto unasumbua usiku tu, tena mara mojamoja. Hospitali moja ya kibinafsi wanataka kunipasua mikono yote miwili kwa pamoja, kwa nusukaputi, nilale usiku mmoja, nilipe laki moja na elfu themanini. Jirani yangu anasema ukipasuliwa hapo mkono unapooza. Mimi naona kama naanza kupona. Nifanye nini? Nisubiri hospitali ya serikali? Sare za shule za Januari ndizo zinanilisha."

Mama, pole sana. Katika barua yako yote kuna sentensi moja iliyonishtua kuliko zingine, nayo si ile ya pesa. Ni pale unaposema unaona kama unaanza kupona.

Maumivu kupungua huku ganzi ikikaa mchana kutwa si dalili ya kupona. Neva inayobanwa hupiga kelele kwanza: inawaka, inachoma, inakuamsha saa nane za usiku. Ikibanwa muda mrefu huanza kunyamaza. Na wakati inanyamaza, misuli inayotegemea neva hiyo nayo inasinyaa, ndiyo maana umeona nyama ya chini ya gumba imebonyea. Kwa hiyo usiupime ugonjwa huu kwa maumivu. Upime kwa mambo mawili: ganzi inakuja na kuondoka, au imekaa? Na gumba lina nguvu zake zote, au zimepungua? Kwa mkono wako wa kulia majibu yote mawili ni mabaya. Kwa wa kushoto bado ni mazuri. Hiyo ni mikono miwili yenye mahitaji tofauti, na nitaieleza kila mmoja kivyake.

Tatizo lenyewe ni hili. Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba ambayo madaktari huiita handaki la kapali. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, na paa lake ni ligamenti, yaani utepe mgumu unaokatiza kutoka upande wa gumba hadi upande wa kidole kidogo. Ndani mnapita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja, neva ya mediani. Wewe ni fundi: fikiria umeshona njia ya raba kiunoni mwa sketi, halafu ukalazimisha raba kumi zipite badala ya moja. Nguo haitanuki, raba tisa ni ngumu, na ile moja laini ndiyo itakayobonyezwa.

Shinikizo ndani ya njia hiyo limewahi kupimwa, kwa milimita za zebaki kama unavyopimwa presha kliniki. Kwa mtu mzima mwenye afya, kifundo kikiwa kimenyooka, ni kama 2 au 3 tu. Kwa wenye ugonjwa huu wastani ulikuwa karibu 32, na kifundo kikikunjwa ulipanda hadi kupita 90. Shinikizo likifika 30 hivi, damu inayolisha neva inaanza kukwama. Sasa fikiria unavyolala: wengi wetu tunakunja mikono chini ya shavu au kifuani, saa nzima bila kujua. Ndiyo maana usiku ndio mbaya, na ndiyo maana kuukung'uta mkono kunasaidia.

Kwa hiyo aliyekuambia damu haizunguki mkononi hakukosea kabisa, ila mahali ndipo alipokosea. Mkono wako unapata damu ya kutosha. Ni neva moja, kwenye sentimita chache, inayokosa.

Kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji mashine. Chukua kipande kidogo cha pamba, ukipitishe taratibu kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia, ubavu mmoja kisha wa pili. Neva ya mediani hupeleka hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu tu ya kidole cha pete. Nusu ile nyingine, pamoja na kidole kidogo, ina neva yake ambayo haipiti ndani ya handaki hili. Ukikuta ubavu unaotazama kidole cha kati una ganzi na ule unaotazama kidole kidogo uko sawa, tuna habari nzuri ya utambuzi, maana matatizo ya shingo na ya kisukari ni nadra kukigawa kidole kimoja katikati hivyo. Jaribio la pili: kutanisha migongo ya mikono yako kifuani, vidole vikielekea chini na vifundo vimekunjwa, kwa dakika moja. Ganzi ikiongezeka kabla dakika haijaisha, ni alama nyingine. La tatu ni la nguvu. Laza mkono mezani kiganja juu, inua gumba lielekee dari, kisha mtu alibonyeze kwa kidole kimoja. La kulia likilala upesi kuliko la kushoto, usiendelee kungoja.

Kisukari nacho tusikisahau. Kinafanya tishu za handaki kuwa ngumu na kinaifanya neva isivumilie kubanwa, kwa hiyo watu wenye kisukari hupata ugonjwa huu zaidi. Lakini ganzi ya kisukari chenyewe kwa kawaida huanzia miguuni, pande zote mbili, kabla haijafika mikononi. Kama nyayo zako pia zinawaka, mwambie daktari, kwa sababu huenda una yote mawili. Upasuaji bado husaidia katika hali hiyo, ila matumaini yanapunguzwa kidogo.

Kuhusu zile sindano nyekundu, sitaki kukucheka wala kumcheka aliyekuuzia. Rangi ile ni ya vitamini B12, na metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini. Kwa miaka saba uliyomeza, ni haki yako kuomba kipimo cha damu cha B12. Ikiwa iko chini, utapewa kwa sababu inayojulikana. Ila ampuli hizo huwa na B6 pia, na B6 nyingi kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu neva na kuleta ganzi. Kuchomwa kila wiki dukani bila kipimo ni kulipia kitu kinachoweza kukuongezea ugonjwa ulionao. Na hakuna vitamini inayopanua handaki. Vivyo hivyo diklofenaki, ile dawa ya maumivu: haifungui chochote hapo, na kwa mwenye kisukari kila kidonge ni mzigo kwa figo.

Unaweza kujiuliza kama ni cherehani iliyoleta haya. Kazi ya kubana kwa nguvu na kurudiarudia, hasa mkasi mkubwa kwenye kitambaa kizito, inachangia. Lakini umri wako, kuwa mwanamke na kisukari vina uzito mkubwa. Kuacha kushona leo hakutaurudisha mkono wa kulia, basi usijiadhibu kwa hilo.

Sasa uamuzi. Mkono wa kulia, kama daktari atakayekuona kwa macho yake atathibitisha ulichoandika, ungekuwa wangu ningeupasua. Ningefanya hivyo ndani ya wiki chache, si miezi. Kishikizo cha kifundo kinafaa kwa ganzi inayokuja na kuondoka, na sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya handaki hutuliza kwa wiki hadi miezi. Vyote viwili, kwa mkono ambao misuli imeanza kusinyaa, vinakununulia usingizi wakati neva inaendelea kufa. Nimeona watu wakichomwa sindano ya tatu na ya nne hivyo, wakafika kwangu gumba likiwa halina tena cha kuokolewa.

Mkono wa kushoto usiguswe kwa kisu bado. Nunua kishikizo chenye bamba la chuma kinachofungwa kwa velkro, kile kinachoshikilia kifundo kikiwa kimenyooka, na uvae unapolala kwa wiki sita kamili. Ukikuta bamba limepinda kuelekea nyuma, kama vilivyo vingi madukani, litoe, ulinyooshe kwa goti, ulirudishe. Kifundo kilichoinuliwa kinabana neva karibu sawa na kilichokunjwa. Kishikizo kisipotosha, sindano moja ya steroidi ni hatua ya haki, ila ujue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Pima kila siku wiki hiyo.

Hilo linatuleta kwenye ile bei. Sisemi wanakuibia, kwa sababu sijaona faili lako. Lakini kuna mambo matatu katika mpango wao ambayo ningeyauliza nikiwa nimekaa mbele yao. Kwanza, mikono miwili kwa siku moja: nani atakupeleka msalani, atakupikia, atakuogesha? Wapo wanaofanya hivyo wakapona vizuri, lakini kwako wa kushoto hauhitaji. Pili, nusukaputi. Tatu, kulala. Upasuaji huu huchukua dakika 15 hadi 20 na mara nyingi hufanywa ukiwa macho, kwa sindano ya ganzi, kisha unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Ukiondoa mtaalamu wa usingizi, kitanda cha usiku na mkono wa pili, bili inakuwa kitu kingine kabisa.

Nikueleze unavyofanywa, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Unachomwa kiganjani mchanganyiko wa lignokaini, yaani dawa ya ganzi, na adrenalini. Adrenalini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo hakuna haja ya kufungwa mpira wa kukaza kwenye mkono wa juu, ambao ndio watu wengi huulalamikia. Unasubiri karibu nusu saa hadi ngozi ya kiganja iwe nyeupe. Daktari anachana sentimita mbili hadi nne chini ya kiganja, anaifikia ligamenti, anaikata kote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Neva haikatwi. Inaonekana pale chini, mara nyingi imebonyea na kuwa nyekundu mahali ilipokuwa imebanwa. Ngozi inashonwa, mkono unafungwa bendeji, basi. Utasikia mvuto na sauti za vyombo, si maumivu. Ukisikia maumivu unasema, unaongezewa dawa.

Kuna wanaotumia kamera kupitia tundu dogo. Waliopasuliwa hivyo hurudi kazini mapema kidogo, lakini baada ya miezi kadhaa mikono huwa sawa na ya waliochanwa kawaida. Usikope pesa kwa ajili ya kamera.

Usikope pia kwa ajili ya emarai (MRI), ile picha ya mashine ya sumaku, ya kifundo. Huihitaji. Kipimo cha umeme wa neva kina maana zaidi, hasa kwako mwenye kisukari, kwa sababu kinaonyesha neva imeumia kiasi gani na kama kuna tatizo lingine. Si kila hospitali ina mashine hiyo, na dalili zikiwa wazi kama zako wapasuaji wengi huendelea bila yake. Altrasaundi nzuri, kwa mtu anayejua kuangalia neva, inaweza kutosha.

Je, serikalini? Upasuaji huu si wa ajabu. Daktari bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa plastiki anaweza kuufanya, na hospitali za rufaa ziko karibu nawe: Jaramogi, ambayo wengi bado tunaiita Russia, na kama una ndugu wa kukupokea, Kakamega au Moi kule Eldoret. Ujuzi si tatizo. Tatizo la hospitali za umma kwa ujumla ni foleni: anayeletwa na ajali ya bodaboda mfupa ukiwa nje atakupita, na ni haki akupite. Mwenye ganzi ya usiku tu namwambia asubiri bila hofu. Wewe nenda kliniki, eleza kwa sauti kwamba misuli ya gumba imesinyaa, omba hilo liandikwe kwenye faili, na uulize tarehe. Wakikupa ndani ya mwezi au mwezi na nusu, hakuna sababu ya kuuza cherehani ya pili ili ulipe kwingine. Wakikwambia mwakani, hapo ndipo kulipa kibinafsi kunaanza kuwa na maana.

Popote uendapo, ulizia SHA, bima ya afya ya serikali, kabla, si siku ya kutoka. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa sisi tusio na payslip mchango hukadiriwa kuwa asilimia 2.75 ya kipato, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, ukilipwa wa mwaka mzima. Kujiandikisha ni *147# kwenye simu. Upasuaji huhitaji idhini ya awali, na kiwango wanachotoa ni maalum, kwa hiyo hospitali ya kibinafsi inaweza kukudai kinachozidi. Swali lako kwa karani liwe hivi: "SHA itatoa ngapi, mimi nitaongeza ngapi, na ndani yake kuna daktari, chumba cha upasuaji, dawa, kufungua bendeji na kutoa nyuzi?" Waandike kwa karatasi. Bili nyingi zinazowaumiza watu hufichwa kwenye "mengineyo". Na jina la daktari atakayekupasua litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, mtandaoni, uone amesajiliwa kama bingwa wa nini. Daktari mzuri hakasiriki ukimuuliza amewahi kufungua handaki hili mara ngapi.

Jirani yako hasemi uongo, ila ameunganisha mambo vibaya. Yupo mtu aliyepasuliwa na gumba lake halikurudi. Mara nyingi ni aliyechelewa: misuli ilikuwa imekwisha kabla ya kisu, na upasuaji hauna uwezo wa kuifufua. Neva kujeruhiwa na mpasuaji hutokea, lakini ni chini ya mtu mmoja katika mia. Mengine ya kujua ni usaha kwenye kidonda (hatari ni kubwa zaidi sukari ikiwa juu, kwa hiyo wakiahirisha ili ishuke, wakubalie), kovu linalouma, na ligamenti kutokatwa yote, ambayo ni sababu kubwa ya dalili kubaki.

Utegemee nini? Kuwaka kwa usiku, kama bado kupo, huisha upesi, pengine wiki ya kwanza. Ganzi ni polepole. Nyuzi za neva zilizokufa huota upya kama milimita moja kwa siku, na kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 18 hivi. Fanya hesabu: ni nusu mwaka, na huenda hisia isirudi yote. Misuli iliyobonyea inaweza isijae tena. Lengo letu kuu ni kuokoa kilichobaki, na chochote kitakachorudi juu ya hapo tutakipokea.

Kwa kazi yako: nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Kuanzia siku ya kwanza unakunja na kukunjua vidole vyote, ngumi kamili kisha kiganja wazi, mara nyingi kwa siku, mkono ukiwa juu ya kiwango cha moyo. Asiyevisogeza anaishia na vidole vigumu, na hilo ni baya kuliko kovu. Kuelekeza kitambaa chepesi kwenye cherehani utaweza baada ya wiki mbili au tatu. Mkasi mkubwa ni habari nyingine: pete yake inakandamiza palepale kwenye mzizi wa gumba, na pande zote mbili za kovu huuma ukibonyeza, kwa miezi miwili au mitatu. Mpe mtu akukatie khaki na vitambaa vya sweta katika wiki sita hadi nane za mwanzo. Tuko Septemba. Ukipasuliwa kabla ya katikati ya Oktoba, Novemba utakuwa unashona mashati, na Desemba utajaribu mkasi. Ukisema usubiri hadi msimu upite, utaifikia Januari ukiwa na gumba dhaifu kuliko la leo, na sindano zitakuwa zimekuponyoka mara nyingi zaidi.

Usiache metformini kwa hiari yako kwa sababu ya upasuaji. Kama ni sindano ya ganzi tu, kwa kawaida unakula na kumeza dawa kama siku zote, lakini fuata maagizo utakayopewa. Vua pete nyumbani, na usipande bodaboda ya kurudi peke yako ukishikilia kwa mkono mmoja.

Rudi hospitalini upesi, hata kama ni Jumapili, kidonda kikiwa chekundu na kuvuja, ukipata homa, vidole vikiwa vya buluu au baridi, au maumivu yakizidi kila siku badala ya kupungua. Kabla ya upasuaji pia kuna mambo yasiyongoja kliniki: ganzi kuja ghafla baada ya kuanguka na kifundo kuvimba, mkono kulegea pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, au miguu kuanza kuyumba na mikono yote miwili kukosa ustadi, kwani hapo shida huenda ikawa uti wa mgongo shingoni, na kufungua kiganja hakutakusaidia chochote.